Baki Isiyokwisha: Desimali Zinazokoma na Zisizokoma

Noti za faranga za Kongo zinazopita mikononi mwa wauza samaki wa Mulongo, kando ya Lualaba, huanzia 50, kisha 100, 200, 500, 1,000, 5,000, 10,000, hadi 20,000. Hakuna hata moja kati yake inayogawanyika sawasawa kwa watu watatu. Wavuvi watatu waliotoka na mtumbwi mmoja wakilipwa noti ya 10,000, haki ya kila mmoja ni faranga 3,333 na theluthi ya faranga. Theluthi hiyo haina noti, na hata zile 33 zilizo mbele yake hazina. Kwa noti za 50, wawili watapata 3,350 na wa tatu 3,300. Au wote watachukua 3,300 na ile 100 iliyobaki itanunua kitu cha kula pamoja. Watu wa mtoni hulimaliza jambo hilo kwa maneno machache. Hesabu, kwa upande wake, hailimalizi kamwe: 3,333.333... na tatu zinaendelea.

Mhadhara huu unahusu hizo tatu zinazoendelea: zinatoka wapi, kwa nini baadhi ya hesabu hukoma na nyingine hazikomi, na ni nani anayebeba kile kinachobaki kalamu inapoinuliwa. Shuleni somo hili hufundishwa kwa kanuni ya mstari mmoja, mtihani ukipita linasahauliwa. Linastahili zaidi ya hapo. Limo katika faktura ya duka, katika mirathi, katika upana wa reli ya Kamina, na limewahi kuua watu.

Shule za Kongo huweka mkato pale ambapo vitabu vya Tanzania na Kenya huweka nukta. Hapa itatumika nukta. Hesabu ni ile ile.

Fedha ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu kila fedha inapaswa kuamua mahali pa kuacha kugawanya. Kando ya maziwa ya bonde la Upemba, jirani na Mulongo, uamuzi huo ni wa zamani sana. Huko Sanga, kwenye Ziwa Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958, na baadaye Pierre de Maret akaendeleza kazi hiyo katika bonde zima. Ndani ya makaburi walikuta misalaba ya shaba. Ya mwanzoni ni mikubwa. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo na yenye ukubwa unaofanana, na wanaakiolojia wanaona hapo shaba ikigeuka kuwa fedha. Msalaba wa namna hiyo ulihesabiwa mzima. Anayegawa misalaba kumi kwa watu watatu hubaki na msalaba mmoja mkononi, kitu kinachoonekana na chenye mwenyewe wa kutafutwa.

Fedha za karatasi zilikuja na ahadi nyingine. Mwaka 1967 zaire moja iligawanywa kuwa makuta 100, na zaire hiyo hiyo ikawa na sengi 10,000. Mwaka 1998 faranga mpya ya Kongo ilitoka ikiwa na santimu 100, na noti za santimu zilichapishwa kweli: ya 1, ya 5, ya 10, ya 20, ya 50. Bei zilipopanda, santimu zikatoweka sokoni zikabaki kwenye sheria na vitabu vya hesabu. Lakini hata zingebaki, zisingemsaidia mvuvi wa tatu. Kugawanya zaidi kwa kumi hakumalizi theluthi. Faranga ikikatwa mara mia, elfu au milioni, watu watatu watabaki na kipande kimoja mezani, kidogo zaidi kuliko cha kwanza, lakini kipo.

Sababu yake ni rahisi kuieleza, na inafaa ielezwe taratibu.

Desimali yoyote inayokoma ni sehemu ambayo asili yake, ile namba ya chini, ni 10, au 100, au 1,000, au kipeo kingine cha kumi. 0.7 ni 7/10. 0.125 ni 125/1,000. Kwa hiyo anayeuliza kama sehemu fulani itakoma anauliza hivi: je, asili yake inaweza kuzidishwa kwa namba nzima mpaka ifike 10, 100, 1,000 au mbele zaidi? Nane inaweza, kwa kuwa 8 mara 125 ni 1,000. Basi 1/8 ni 0.125. Ishirini na tano inaweza, kwa kuwa 25 mara 4 ni 100. Basi 1/25 ni 0.04. Arobaini nayo huzidishwa kwa 25 ikawa 1,000, na 1/40 ni 0.025. Tatu haiwezi. Kumi ikigawanywa kwa tatu hubaki moja. Mia hubaki moja. Elfu hubaki moja. Mtu anaweza kuongeza sifuri mpaka daftari lijae, na baki itakuwa moja vilevile.

Sababu ni kwamba kumi ni 2 mara 5. Mia ni mbili mbili na tano mbili. Elfu ni mbili tatu na tano tatu. Namba tasa nyingine hazina nafasi humo. Ndiyo maana asili iliyojengwa kwa 2 na 5 peke yake huzaa desimali inayokoma, na asili yenye 3, 7, 11, 13 au namba tasa nyingine yoyote huzaa desimali isiyokoma. Idadi ya tarakimu nayo hujulikana mapema, kabla ya kugawanya: huhesabiwa mbili zilizomo katika asili, zikahesabiwa na tano, na hesabu iliyo kubwa ndiyo jibu. Katika 40 kuna mbili tatu na tano moja, kwa hiyo tarakimu ni tatu.

Kuna mtego mmoja ambao walimu wanaufahamu vizuri. Sehemu lazima irahisishwe kwanza. 6/15 ina 3 katika asili yake, na mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba haikomi. Lakini 6/15 ni 2/5, na 2/5 ni 0.4. Ile tatu ya chini ilikutana na tatu ya juu, zote mbili zikaondoka.

Sasa zile zisizokoma. Hapa ndipo penye uzuri wa somo zima, na hapa ndipo kikokotoo humnyima mwanafunzi kitu cha thamani, kwa sababu humpa jibu bila kumwonyesha baki. Anayegawanya 1 kwa 7 kwa mkono anaona hivi: kumi kwa saba ni 1, baki 3, thelathini kwa saba ni 4, baki 2, ishirini ni 2, baki 6, sitini ni 8, baki 4, arobaini ni 5, baki 5, hamsini ni 7, baki 1. Na baki 1 ndiyo iliyoanza kazi yote. Kutoka hapo hakuna jipya. Zitarudi 1, 4, 2, 8, 5, 7 kwa mpangilio ule ule: 0.142857142857...

Hesabu hiyo haingeweza kwenda kwingine. Anayegawanya kwa saba hawezi kubakiwa na zaidi ya sita. Baki zinazowezekana ni 1, 2, 3, 4, 5 na 6, na ikitokea 0 kazi imekwisha. Baada ya hatua sita kwa wingi wake, lazima baki iliyokwisha kuonekana irudi, na ikirudi, kila kilichoifuata hurudi nayo. Hoja hiyo inatosha kwa kila sehemu duniani. Asili ikiwa 29, baki haziwezi kuzidi 28. Asili ikiwa milioni, baki haziwezi kufika milioni. Hakuna sehemu ambayo tarakimu zake zitatangatanga bila kurudia. Ama itakoma, ama itaingia kwenye mzunguko. Mtoto wa shule ya msingi anayejua kugawanya kwa mkono anaweza kuielewa hoja hii nzima nzima, na ni hoja ya kweli ya kihisabati, yenye nguvu kamili. Inasikitisha kwamba watoto wengi hupewa kanuni na kunyimwa sababu iliyo karibu nao kiasi hiki.

Na mizunguko yenyewe ina tabia zake. 2/7 ni 0.285714..., 3/7 ni 0.428571...: tarakimu zile zile sita, kwa mfuatano ule ule, zikianzia mahali tofauti. Siku moja ya juma, ikiandikwa kama sehemu ya juma, ni 0.142857..., na siku zote hadi ya sita hutumia tarakimu hizo sita bila kuongeza nyingine.

Namba tasa zina historia ndefu katika mashariki ya Kongo, au angalau alama zake. Mwaka 1950, huko Ishango, kwenye Ziwa Edward mahali mto Semliki unapoanzia, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa mafungu. Unakadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi, na leo umehifadhiwa Brussels. Katika mstari mmoja wa mikato kuna mafungu ya 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, na jumla yake ni 60. Wataalamu hawajakubaliana kama aliyeukata alikusudia namba tasa, kalenda ya mwezi, au jambo jingine kabisa, na busara ni kutomwekea maneno kinywani. Lakini anayetafuta mazoezi ya desimali hatapata orodha bora kuliko ile. 1/11 hujirudia kila baada ya tarakimu 2, 1/13 baada ya 6, 1/17 baada ya 16, na 1/19 baada ya 18. Hakuna hata moja inayokoma.

Jumla ile ya 60 inakumbusha jambo jingine. Kukoma au kutokukoma si tabia ya kiasi chenyewe. Theluthi ya saa ni dakika 20, nzima, bila baki. Ikiandikwa kwa desimali ni saa 0.333... Muda ni ule ule. Kilichobadilika ni namba inayotumika kugawanyia. Saa imerithiwa kutoka kwa wasomi wa Babeli, waliohesabu kwa sitini, na 60 ni 2 mara 2 mara 3 mara 5. Tatu imo ndani yake, ndiyo maana theluthi hukoma. Saba haimo: sehemu ya saba ya saa ni dakika 8, sekunde 34, na vipande 17 vya sitini vya sekunde, kisha 8, 34 na 17 zinaanza upya. Kwa kumi mzunguko wa saba una tarakimu sita; kwa sitini una hatua tatu tu. Kama binadamu wangekuwa na vidole kumi na viwili, watatu wa mtumbwi mmoja wasingekuwa na shida, na shida ingehamia kwa watano.

Desimali ziliandikwa na waandishi wa Kiislamu kabla Ulaya haijazizoea. Al-Uqlidisi alizitumia huko Damascus karne ya 10, na al-Kashi wa Samarkand alizieleza kwa ufasaha katika kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1427. Ulaya ilizipokea hasa kupitia kijitabu cha Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, kilichotoka mwaka 1585. Stevin aliwalenga wanajimu, wapima ardhi, wapima vitambaa na wafanyabiashara, na hakuwaficha udhaifu wa chombo alichowapa. Alitoa mfano wa 4 kugawanywa kwa 3: tatu zisizo na mwisho, na daima theluthi moja juu yake. Ushauri wake ulikuwa mtu asogee karibu na jibu kadiri kazi inavyohitaji, kisha aache kilichobaki. Ushauri huo ni mzuri kwa mpima vitambaa. Si mzuri mahali ambapo kilichobaki kina mwenyewe.

Mahali hapo ni mirathi. Lualaba ikishuka kutoka Mulongo huingia Maniema, nchi ya Kasongo na Kindu, ambako Uislamu ulifika na misafara ya karne ya 19 na ukakaa. Mafungu ya mirathi yaliyotajwa katika sura An-Nisaa ni sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Matatu ya kwanza yamejengwa kwa mbili peke yake na hukoma: 0.5, 0.25, 0.125. Matatu ya mwisho yana tatu ndani yake na hayakomi. Kwa bahati, wanazuoni wa mirathi hawajawahi kuzihitaji desimali. Wao hutafuta namba moja ambayo mafungu yote yanaingia, wakagawa kwa hisa nzima.

Kesi maarufu kuliko zote ni ile iitwayo Minbariyya, kwa sababu inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa akiwa juu ya mimbari naye akajibu papo hapo. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, mabinti wana theluthi mbili, baba ana sudusi, mama ana sudusi. Kwa asili ya 24, hizo ni hisa 3, 16, 4 na 4, na jumla yake ni 27. Hisa zimezidi mali. Suluhisho la wanazuoni, linaloitwa awl, ni kuigawa mali kwa hisa 27 ili kila mmoja apungukiwe kwa uwiano ule ule. Thumuni ya mke imekuwa 3/27, yaani moja ya tisa. Ilikuwa 0.125, inakoma, sasa ni 0.111..., haikomi. Mabinti wana 0.592592..., na kila mzazi ana 0.148148...

Mtu akizikata desimali hizo baada ya tarakimu mbili, mke atapata 0.11, mabinti 0.59, baba 0.14 na mama 0.14. Jumla ni 0.98. Katika mali ya faranga 10,000,000, faranga 200,000 zimekosa mrithi, na wala hakuna aliyeiba. Kwa hisa nzima za 27 hakuna kinachopotea mpaka dakika ya kuhesabu noti. Hii ndiyo sababu sehemu ibaki sehemu kwa muda mrefu iwezekanavyo, na desimali ziitwe mwishoni tu, wakati wa kulipa au kupima. Wanazuoni wa mirathi wamefanya hivyo kwa karne nyingi, na wana haki ya kusomwa na wanahisabati.

Reli nayo ina kisa chake. Njia zinazokutana Kamina, ile ya Lubumbashi, ile ya Ilebo na ile inayokwenda Kabalo hadi Kalemie, zina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma. Namba hiyo inaonekana ya ajabu mpaka mtu ajue ilikotoka: ni futi 3 na inchi 6 za Waingereza, yaani inchi 42. Tangu mapatano ya mwaka 1959, inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Mara 42 ni 1,066.8. Inakoma baada ya tarakimu moja, ikakadiriwa kuwa 1,067. TAZARA na reli za Zambia zina upana huo huo, na ndiyo maana behewa linaweza kwenda kutoka Kamina hadi Zambia bila kubadilishwa magurudumu.

Kugeuza inchi kuwa milimita, basi, hukoma daima. Kugeuza upande wa pili mara nyingi hakukomi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, reli ya zamani ya Kigoma hadi Dar es Salaam ina upana wa mita moja kamili. Mita moja kwa inchi ni 1,000 kugawanywa kwa 25.4, ambayo ni 5,000/127. Namba 127 ni tasa, si 2 wala 5, kwa hiyo jibu ni 39.370078740157... na mzunguko wake una tarakimu 42. Kwamba inchi za reli ya Kamina nazo ni 42 ni sadfa tupu, lakini sadfa ya kumfurahisha mwalimu yeyote wa hesabu anayesubiri treni.

Tofauti hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo inayowaumiza wenye maduka. Kodi ya ongezeko la thamani, TVA, ilianza kutumika Kongo tarehe 1 Januari 2012, kwa kiwango cha 16%. Kuiongeza ni rahisi: bei mara 1.16, na jibu hukoma siku zote. Shida inakuja pale bei yenye kodi inapojulikana na inatakiwa bei iliyokuwa kabla ya kodi. Wengi hutoa 16% ya bei kubwa: katika 10,000 wanatoa 1,600, wanabaki na 8,400. Hilo ni kosa, na linajifichua lenyewe, maana 8,400 ikiongezwa 16% inakuwa 9,744. Njia sahihi ni kugawanya kwa 1.16, sawa na kuzidisha kwa 25/29. Na 29 ni namba tasa yenye mzunguko mrefu kuliko wote inaoweza kuwa nao, tarakimu 28. Bei halisi ni 8,620.68965..., kodi ni 1,379.31034..., na hakuna faktura itakayoziandika kwa ukamilifu. Kenya, yenye 16% vilevile, ina 29 hiyo hiyo. Tanzania Bara na Uganda, kwa kiwango chao cha kawaida cha 18%, wanagawanya kwa 1.18, na hapo mlangoni imekaa 59, nayo ina mzunguko wa tarakimu 58.

Mwenye duka anayejua hivi anaweza kupanga bei zake. Bidhaa ya faranga 29,000 pamoja na kodi ni 25,000 za duka na 4,000 za serikali, kamili. 

Kompyuta zimeongeza sura nyingine, na hii ni nzito. Ndani ya mashine hakuna kumi. Kuna mbili tu. Kwa hesabu ya mbili, asili inayokubalika ni 2, 4, 8, 16 na kuendelea, tano imefukuzwa. Kwa hiyo 1/10, ambayo kwa mtu wa soko ni desimali nyepesi kuliko zote, kwa mashine ni 0.0001100110011... bila mwisho. Mashine yenye nafasi ya tarakimu 24 huikata hapo na kutupa kinachobaki.

Tarehe 25 Februari 1991, katika vita vya Ghuba, mtambo wa Marekani wa kutungua makombora, aina ya Patriot, ulikuwa ukilinda Dhahran, Saudi Arabia. Saa yake ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na kila sehemu ilibadilishwa kuwa sekunde kwa kuzidishwa kwa ile 0.1 iliyokatwa. Kosa la kila hatua lilikuwa kama sekunde 0.000000095. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa saa 100 hivi, yaani hatua 3,600,000, na makosa yale madogo yakajumlishwa hadi sekunde 0.34, karibu theluthi ya sekunde. Kombora la Scud, kama lile lililokuwa likija, husafiri zaidi ya nusu kilomita kwa muda huo. Mtambo ulilitafuta mahali ambapo halikuwapo, haukufyatua, na kombora likaangukia kambi ya askari. Wanajeshi 28 walikufa. Baki iliyotupwa mara moja isingemdhuru mtu. Ilitupwa upande ule ule mara milioni tatu na zaidi, na hakuna aliyepewa kazi ya kuihesabu.

Kikokotoo cha bei nafuu kinaonyesha ugonjwa huo kwa udogo wake. 2 gawanya kwa 3 ni 0.6666666, mara 3 ni 1.9999998. Simu nyingi humaliza kwa 7, 0.6666667, na wanafunzi wengine huamini kwamba mbele ya zile sita zote kweli kuna saba inayosubiri. Haipo.

Zipo namba zisizokoma za aina ya pili, na kuzichanganya na hizi ni kosa la kawaida darasani. Watoto wengi hufundishwa kwamba pi ni 22/7. Lakini 22/7 ni sehemu, asili yake ni saba, na inazungusha tarakimu zile zile sita za juma: 3.142857142857... Pi ni 3.14159265... na hairudii mzunguko kamwe, kwa kuwa si sehemu ya namba mbili nzima zozote. Johann Heinrich Lambert alilithibitisha hilo mwaka 1761. Tofauti ya hizo mbili ni ndogo. Kisima chenye kipenyo cha mita moja kitapimiwa mzingo uliozidi kwa milimita 1.3 hivi, na fundi hatajali. Mwalimu lazima ajali, kwa sababu 22/7 ni jirani wa pi, na mtoto aliyeambiwa kuwa ni kitu kimoja ataanza kuutafuta mzunguko wa pi mahali usipokuwapo.

Zile zinazojirudia zina njia ya kurudi nyumbani. Desimali yenye mzunguko, hata uwe mrefu namna gani, hugeuzwa kuwa sehemu yake halisi kwa kuzidisha na kutoa. Kwa 0.272727..., mara mia yake ni 27.272727...; ikitolewa yenyewe, mikia inafutana na kubaki 27. Basi mara 99 yake ni 27, nayo ni 27/99, yaani 3/11. Njia hiyo hiyo inamaliza ubishi wa 0.999..., ambao huzuka katika kila darasa lenye wanafunzi wachangamfu: mara kumi yake ni 9.999..., ikitolewa yenyewe inabaki 9, basi mara tisa yake ni 9, nayo ni 1. Haipungui moja kwa chembe. Ni moja, iliyoandikwa kwa namna nyingine, kama vile 1/3 mara 3 inavyoonyesha.

Na pale ambapo tarakimu za mwanzo hazimo katika mzunguko, kwa kuwa asili ina mbili au tano pamoja na namba tasa nyingine, hatua inaongezeka moja. Kwa 0.58333..., mara elfu yake ni 583.333..., mara mia yake ni 58.333...; tofauti ni 525, na hiyo ni mara 900 ya namba inayotafutwa. 525/900 ikirahisishwa ni 7/12: miezi saba ya mwaka, bila tarakimu hata moja iliyotupwa.